Kisima cha Wenye Ndoto

Kiangazi kikikolea, sehemu za mto Tarangire hubaki mchanga, na anayejua maji yamejificha wapi ni tembo. Huparua mchanga kwa mguu wa mbele, huuzoa kwa mkonga na kuutupa pembeni, huparua tena, mpaka chini panalowa na maji yanaanza kujikusanya, ya tope kwanza, kisha safi. Akishakunywa yeye na ndama wake, hunywa pundamilia, nyani, kanga, ngiri, na kila mwenye kiu. Katika kijiji cha wanyama kilichokuwa chini ya mbuyu mkubwa kando ya mto huo, mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyefikiria kuyatungia sheria. Aliyechimba alikuwa Bibi Tembo, kama alivyochimba mama yake.

Sheria ilianza na ndoto ya kweli. Usiku mmoja Mzee Nyani aliota chui amejilaza juu ya tawi la mkuyu unaoinamia njia ya mtoni. Asubuhi akawakataza wenzake wasipite pale. Kanga akacheka, akaenda, na chini ya mkuyu akaona mkia wenye madoa ukining'inia. Alirudi mbio, nusu ya manyoya yake kayaacha njiani. Tangu siku hiyo, kila aliyeota alipita kwanza kwa Mzee Nyani kabla ya kwenda kokote.

Nataka nimtendee haki Mzee Nyani, maana mwanzo wake ulikuwa mwema. Mtu wa kwanza kufaidika alikuwa Digidigi. Digidigi huishi wawili wawili, mume na mke, katika kipande chao cha kichaka, na mipaka yao huiweka kwa ute mweusi unaotoka kwenye tezi iliyo mbele ya jicho: huinamisha kichwa, huigusisha ncha ya kijiti polepole, na kijiti hubaki na tone. Mume wa Digidigi huyu alichukuliwa na tai. Usiku wa tatu Digidigi akamwota yuko mpakani, anagusisha jicho kwenye kijiti, anageuka kumtazama. Alipomsimulia Mzee Nyani, Mzee hakutafsiri kitu. Alimwambia tu, "Amekuja kukujulia hali, binti yangu." Digidigi akarudi kichakani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akala.

Habari kama hizo husambaa. Wakaja wengi kuliko nafasi, na Mzee Nyani akalazimika kuwapanga: wenye ndoto ndefu mbele, wenye ndoto fupi katikati, wasio na ndoto wangoje nyuma. Ulikuwa utaratibu wa baraza tu. Lakini baraza lilifanyika pale pale penye kisima, na utaratibu wa baraza ukageuka foleni ya maji. Hakuna kikao kilichoketi kuupitisha. Wanyama waliamka asubuhi moja wakakuta ni sheria, na aliyeuliza ilianza lini akaonekana mkorofi.

Sheria ikihitaji sababu, sababu hupatikana. Mzee Nyani akaanza kufundisha kwamba asiye na ndoto ana jambo. Usiku wake umefungwa. Yuko aliyemfunga, au kuna kosa alilitenda akalificha, au nafsi yake ni nzito, haiwezi kutoka kwenda kutembea usiku. Kwa hiyo asiye na ndoto hakufaa kukaa kwenye shauri la wazee, na posa ya mtoto wake ilibidi itazamwe mara mbili. Kanga, aliyekuwa wa kwanza kucheka ndoto, sasa ndiye aliyezunguka vichakani akitangaza nani ameamka mikono mitupu.

Na Bibi Tembo alikuwa miongoni mwa wasio na ndoto. Alichimba alfajiri, kabla ya jua, mchanga ukiwa bado baridi. Maji yakishatulia, akasogea kando na kusimama nyuma ya foleni, kwa sababu kila Mzee Nyani alipouliza, "Bibi, jana umeota nini?" jibu lake lilikuwa moja: "Sikuota, Mzee." Ndama walikunywa maji yaliyobaki, yaliyokwisha kuvurugwa na kwato za kijiji kizima.

Aliyeumia zaidi, hata hivyo, alikuwa Paka Pori. Bibi Tembo alikuwa na umri na kimo, nani angemzomea? Paka Pori alikuwa mama wa watoto watatu, mwindaji mzuri wa panya, asiye na maneno mengi. Siku alipoulizwa, alijibu kwa moyo mweupe: "Mimi sijapata kuota tangu nizaliwe." Baraza zima likanyamaza. Jioni ile watoto wa nyani waliwaimbia watoto wake kwamba mama yao ni usiku mtupu, na yule mdogo alirudi nyumbani akauliza, "Mama, nasi tukikua tutakuwa hivyo?"

Kesho yake Paka Pori alikwenda kwa Sungura.

Sungura alikuwa na kibanda chini ya mkwaju, ng'ambo ya mto, mahali ambapo Mzee Nyani hafiki. Aliuza ndoto. Malipo yalikuwa mbegu za ubuyu, na bei zilijulikana: ndoto ya maji mbegu tano, ndoto ya kuruka angani mbegu kumi, ndoto ya marehemu mbegu thelathini.

"Karibu, dada yangu. Unataka ya leo tu, au nikufungie ya wiki nzima?"

"Ya leo tu. Watoto wana kiu."

"Basi chukua ya kuruka. Ukifika pale juu ya miti, nyamaza kidogo, tazama chini, halafu useme, 'Siwezi kueleza.' Hapo hapo Mzee atafumba macho. Usiendelee mpaka ayafumbue."

Paka Pori akafanya alivyoambiwa. Mzee Nyani akafumba macho, akayafumbua, akamwita mwanangu, na watoto watatu wakanywa wakiwa katikati ya foleni. Usiku Paka Pori alijikunja kwenye shimo la zamani la mhanga akiona haya, ingawa hakuwapo wa kumwonea haya.

Yupo aliyemwona. Bundi aliishi kwenye tundu la mbuyu, na kazi yake ilimweka macho wakati kijiji kimelala. Kwa miaka mingi alikuwa akiwatazama majirani zake wakilala, na alichokiona ni hiki: mnyama akilala hutulia kwanza, pumzi hurefuka, mwili unakuwa mzito. Baadaye huja kipindi kingine. Kope zimefungwa, lakini mboni chini yake zinakwenda mbio huku na huku. Pumzi inakatikakatika. Kwa Paka Pori masharubu yalicheza, ncha ya mkia ikapigapiga udongo, makucha yakatoka na kurudi, na koo likatoa kile kisauti ambacho paka hukitoa akimwona ndege asiyemfikia juu ya mti. Kipindi hicho hupita, kisha hurudi tena na tena hadi asubuhi, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo kinavyorefuka.

Binadamu waliona jambo hilo kwa vipimo baadaye sana. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliandika habari za macho yanayokimbia chini ya kope za mtu aliyelala. Wakimwamsha mtu wakati huo, mara nyingi alikuwa na ndoto ya kusimulia. Tangu hapo imethibitika katika maabara nyingi kwamba hata miongoni mwa wanaoapa kuwa hawaoti, wengi wakiamshwa wakati macho yanakimbia hukutwa katikati ya ndoto. Na kama Bundi angefika Lyon, Ufaransa, angekuta mtu aliyetazama paka kwa makini kama yake. Michel Jouvet aligundua kwamba katika usingizi huo shina la ubongo huufunga mwili usitembee. Alipoharibu sehemu ndogo inayofunga, paka waliinuka wakiwa usingizini, wakanyemelea na kurukia mawindo yasiyokuwapo. Yale masharubu yaliyokuwa yakicheza ndani ya shimo la mhanga yalikuwa mawindo mazima, yaliyobanwa yasitoke.

Bundi akamwambia Paka Pori. Paka Pori hakuamini. Alidhani ni faraja ya jirani mwema.

"Basi niruhusu nikuamshe," Bundi akasema. "Usiku mmoja tu."

Akamvizia karibu na alfajiri. Mboni zilipokolea mbio, akalia juu ya shimo kwa sauti yake yote. Paka Pori akagutuka, manyoya wima, macho yameshuka upande mmoja, na kabla hajajua yuko wapi akasema haraka haraka: "Nyasi zilikuwa ndefu, halafu zikawa maji, na mama yangu alikuwa upande wa pili na ana panya mdomoni, lakini panya alikuwa akinisemesha, akasema, akasema..." Akasimama. Akajikuna. Akazunguka mara moja. "Akasema nini? Lilikuwa jina. Bundi, lilikuwa hapa hapa mdomoni."

"Na mama yako?"

"Mama yangu kafanyaje?"

Ilikuwa imeondoka. Bundi, aliyeisikia, alimsimulia kila neno, na Paka Pori alimsikiliza kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine. Kisha akakaa kimya, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ninazo?"

"Unazo kila usiku. Zinapita tu."

Hapa naiacha hekaya kidogo, kwa sababu swali hilo la Paka Pori ndilo lililonifanya niiandike. Nawafahamu watu ambao wenzao wakianza kusimuliana ndoto asubuhi, wao hutafuta kazi ya kufanya. Wapo walioambiwa kwamba kuna roho inayofuta ndoto zao, kwamba nyota yao imezimwa, kwamba Mungu anasema na wengine lakini wao hawasemeshi, na wakatoa fedha ili wafunguliwe. Kunaniuma. Mtu mwenye afya akiniambia haoti, ninaamini anaota na hakumbuki. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha habari za wagonjwa ambao ile kufuli ya mwili imelegea kwa maradhi. Baadhi yao walisema hawajakumbuka ndoto kwa miaka mingi, lakini usiku walibishana, walipigana, waliweweseka kwa maneno kamili, na asubuhi hawakuwa na la kusimulia. Wapo kweli wachache ambao ndoto hukatika baada ya kiharusi au jeraha la ubongo, na zipo dawa, pamoja na baadhi ya zile za sonona, zinazopunguza usingizi huo. Pombe nayo huupunguza. Mtu ambaye ndoto zake zimetoweka ghafla pamoja na mabadiliko mengine ana jambo la kumweleza daktari. Hana deni kwa mganga.

Na kwa nini mmoja akumbuke na mwingine asahau? Paka Pori alimuuliza Bundi swali hilo hilo, na akamwomba awe anamwamsha kila usiku. Bundi akakataa.

"Nikikuamsha kila usiku utakuwa na ndoto za kupeleka kwa Mzee. Lakini hutakuwa na nguvu za kumkamata panya. Mtazame Digidigi."

Digidigi alikuwa wa kwanza kwenye foleni karibu kila siku. Kijiji kilimheshimu, kikasema nafsi yake ni nyepesi. Bundi alijua kingine. Tangu mume wa Digidigi achukuliwe, hakukuwa na wa kupokezana naye zamu. Jani kavu likianguka, aligutuka. Upepo ukibadilika, aligutuka. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, umekatwa vipande vipande, na kila ulipokatwa palikuwa na ndoto iliyonaswa mlangoni. Ubongo ulio katika usingizi wa ndoto huwa karibu hauna noradrenalini, mojawapo ya kemikali zinazosaidia kulikaza jambo likae kwenye kumbukumbu. Ndoto isipokutana na kuamka, huenda zake. Huko huko Lyon, baadaye, watafiti waliwapima watu wanaokumbuka ndoto mara kwa mara na wale wanaokumbuka kwa nadra. Wa kwanza walikuwa macho katikati ya usingizi kwa takriban dakika 30 kwa usiku, wa pili takriban nusu ya hizo.

Kijiji kizima, basi, kilikuwa kimepangwa foleni kwa kipimo cha usingizi uliokatika. Aliyeogopa zaidi usiku alikunywa kwanza. Aliyelala fofofo akaitwa aliyefungwa. Na Digidigi, ambaye angetoa ndoto zake zote apate usiku mmoja wa kulala bila kugutuka, hakuulizwa hata siku moja kama amechoka.

Usingizi wa Bibi Tembo ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa Chobe, Botswana, ambako majike wawili viongozi wa tembo walipandikizwa vipimo vidogo kwenye mikonga na kufuatiliwa kwa siku 35. Walilala wastani wa saa 2 kwa siku, tena zaidi wakiwa wamesimama. Kulala chini kabisa kulitokea siku moja kati ya tatu au nne, na upo wakati walipitisha saa 46 bila kulala. Kwa kuwa usingizi wa ndoto hulegeza misuli, na tembo aliyelegea hawezi kusimama, waliofanya kazi hiyo wanadhani kwamba tembo huota zile siku chache tu anapolala chini. Mnyama tunayemsifu kwa kumbukumbu kuliko wote ndiye huenda anaota kwa nadra kuliko wote. Mimi hilo hunifikirisha kila ninapolikumbuka.

Sungura alimwendea Bibi Tembo jioni moja, akiwa na nia nzuri kwa kadiri ya nia zake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, inatuuma kukuona nyuma. Nimekuletea ndoto. Bure. Kubwa, ya mto unaorudi nyuma. Ukiisimulia hiyo kesho, hakuna atakayesimama mbele yako."

Bibi Tembo aliendelea kujimwagia vumbi mgongoni. "Nikisema nimeona kitu, wanangu hunifuata. Hawaulizi. Walio nyuma kabisa hawanioni hata mimi, wanafuata miguu ya aliye mbele yao. Sasa wewe unataka niseme nimeona nisichokiona."

"Ni ndoto tu, Bibi. Nani atakwenda popote kwa ajili ya ndoto?"

"Wewe unauza, hujui wanaonunua wanaipeleka wapi."

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja, na za masika zikapita mbali. Kisima kikashuka. Bibi Tembo alipiga magoti mchangani, akanyoosha mkonga hadi begani, na siku moja ncha yake ikarudi na mchanga mkavu. Wakati huo huo ndoto za Sungura ziliuzika kuliko zamani, na moja iliuzika kupita zote: mawingu meusi yakitoka mashariki, radi mara tatu, na mvua siku ya saba. Kila mteja aliiomba kwa siri, na kila mteja alidhani ni yake peke yake. Asubuhi moja wanyama kumi na wawili waliisimulia mbele ya mbuyu, mmoja baada ya mwenzake, hadi radi zile tatu.

Mzee Nyani alilia. Hakuwa tapeli, kibanda cha Sungura alikuwa hakijui. Katika maisha yake yote hakupata kusikia wanyama kumi na wawili wakiota ndoto moja. Akasimama, akaegemea mbuyu, akatangaza kwamba mvua ni siku ya saba, na kwamba atakayeondoka kijijini kabla ya hapo ameidharau ndoto na asirudi.

Bibi Tembo akaja mbele. Ilikuwa mara ya kwanza kupita foleni.

"Mzee, maji hapa yamekwisha. Twendeni mapema watoto wakiwa bado na nguvu. Ipo chemchemi chini ya mwamba, nje ya bonde, mwendo wa siku tatu."

"Umeota?"

"Sikuota. Nilikwenda."

"Lini?"

"Nilikuwa ndama, nimeshika mkia wa mama yangu. Sogea kidogo, Mzee." Mzee Nyani akasogea. Pale alipokuwa akiegemeza mgongo kila siku, gome la mbuyu lilikuwa na kovu pana, limejikunja kingo, linaanzia usawa wa bega la tembo na kushuka chini. "Mwaka ule tulitafuna magome kwa kukosa maji. Kovu hili ni la meno ya mama yangu. Alipoona hata mbuyu hautoshi, akaondoka, nasi tukamfuata."

Jambo hilo lina mfano wake katika historia ya Tarangire yenyewe. Ukame mkali wa mwaka 1993 uliua ndama wengi wa tembo katika hifadhi ya huko. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza ndama wachache kuliko yaliyobaki, na watafiti walihusisha uamuzi wa kutoka na majike wenye umri wa kutosha kukumbuka ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961.

Lakini Mzee Nyani alikuwa na ndoto kumi na mbili mkononi. "Bibi," alisema kwa upole, "wewe hujawahi kutuletea hata moja."

Wakaondoka na Bibi Tembo pundamilia wachache, ngiri na mke wake, na Paka Pori, ambaye aliwabeba watoto mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, anamweka chini, anarudi kumchukua mwingine, hadi ndama mmoja alipomwonea huruma na kuwapandisha mgongoni. Wale kumi na wawili walibaki. Ndio waliojua kuliko wote kwamba ile ndoto ina bei, na ndio ambao hawakuweza kuondoka, kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri. Kila mmoja aliwatazama kumi na mmoja wenzake wametulia, akajisemea: labda wao waliota kweli.

Yaliyotokea baadaye aliyasimulia Digidigi. Yeye hakuondoka, maana digidigi haachi kipande chake, na umande na majani humtosha hata maji yakikosekana. Siku ya saba jua lilichomoza jeupe. Siku ya nane Mzee Nyani aliuliza nani ameota upya, na sauti ilikuwa kavu hata waliokuwa karibu hawakuisikia. Siku ya kumi wale kumi na wawili walibaki tisa. Sungura alikuwa amekwisha kuhama, kibanda kimebaki na lundo la mbegu za ubuyu. Binti yake Mzee Nyani alikufa chini ya mbuyu, karibu na lile kovu, akiwa amemkumbatia mtoto anayenyonya. Mzee alimtoa mtoto mikononi mwake, akamweka mgongoni, na tangu saa hiyo hakuuliza mtu yeyote kitu chochote.

Mvua zilirudi wakati wake, si kwa ahadi ya mtu. Bibi Tembo akarudi na aliokwenda nao, wamekonda lakini wote wazima, na ndama mmoja zaidi. Kijiji kikapona taratibu. Kiangazi kilichofuata, mto ulipokauka tena na Bibi Tembo akachimba, wanyama walikuja alfajiri na sheria mpya midomoni.

Sheria hii aliileta Kanga. Ndoto ndizo zilizotuua, alisema, na aliyetuokoa haoti. Kwa hiyo asiye na ndoto atangulie, mwenye ndoto asimame nyuma. Sungura naye alikuwa amerudi, safari hii anauza majani ya kulaza usiku mzima bila kuona kitu, mbegu ishirini fungu. Wanyama walipita mbele ya kisima mmoja mmoja, kila mmoja akitangaza kwa majivuno: "Sikuota." "Sikuota kitu." "Mimi tangu nizaliwe." Paka Pori alisukumwa mbele kwa shangwe, akawekwa wa kwanza, akatazama nyuma na kumwona Digidigi amesimama peke yake mwisho wa foleni, mahali pale pale yeye alipokuwa akisimama zamani.

Paka Pori akatoka mbele. Akatembea foleni nzima hadi mwisho. "Jana ulimwona?" akauliza.

Digidigi akatazama kama kuna anayesikia. "Nilimwona."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa mpakani. Vijiti vilikuwa vingi, hata hakuweza kuvimaliza. Nikamwambia, acha, nitamalizia mimi."

"Na baadaye?"

"Nikalala. Nadhani nililala mpaka jua lilipotoka."

"Nisimulie tena, polepole. Mimi zangu hunipita, basi nipe ya kwako."

Bibi Tembo alikuwa amesimama ndani ya shimo, mchanga umempaka hadi magotini, anasikia yote hayo. Akainua mkonga. Kanga akanyamaza.

"Kisima hiki hakikuchimbwa na ndoto, wala hakikuchimbwa na kukosa ndoto," alisema. "Kimechimbwa na miguu yangu, na magoti yananiuma. Sitaki kusikia mtu ananieleza usiku wake ili nimpe maji. Nani hapa ana mtoto mdogo?"

Foleni ikavurugika. Wenye watoto hawakujua wasimame wapi, kwa kuwa kwa muda mrefu sana hakuna aliyewauliza. Ngiri akawaleta watoto wake wanne. Pundamilia akaja na mmoja ambaye miguu ilikuwa bado inamshinda. Walipokwisha kunywa, Bibi Tembo aliangalia juu ya vichwa vya wote, kule chini ya mbuyu, ambako mzee mmoja alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, hajajiunga na foleni yoyote.

"Mzee Nyani!"

Akaja kwa hatua za kuvuta. Alipofika ukingoni hakuinua macho. "Bibi," akaanza, "mimi usiku wa jana..."

"Una mtoto mgongoni, Mzee. Pita mbele."